Kufuli inaumiza nani? Juu ya mchezo uliowahubiria wezi wake

Wandugu wasomaji, leo tuzungumze juu ya mchezo mmoja mdogo wa kompyuta uliofanya jambo ambalo mahubiri, polisi na mahakama walishindwa: ulimfanya mwizi alie juu ya wizi.

Mwezi wa 4 mwaka 2013, wandugu wawili wa tumbo moja, Patrick na Daniel Klug, wa kampuni ndogo Greenheart Games, waliuzisha mchezo wao wa kwanza, Game Dev Tycoon. Bei yake haikufika dola 8. Ndani ya mchezo ule wewe ndiye mkubwa wa kampuni. Unaanza miaka ya 1980 ndani ya garaji, uko peke yako na kompyuta yako. Unatengeneza michezo, unaiuzisha, unaajiri watu, unahamia ofisi kubwa. Basi siku ile ile ya kuutoa, wao wenyewe walichukua kopi moja wakaitupa kwenye torenti, fasi watu wanagawana vitu bila kulipa, ikaonekana kama vile mvunja kufuli fulani ndiye ameileta. Kopi ile ilikuwa sawa na ya kweli, ila tofauti ilikuwa moja tu. Ukiisha kucheza masaa kadhaa, kampuni yako imeanza kusimama, unapata habari kwamba watu mingi wanacheza mchezo wako lakini wamechukua kopi ya wizi. Kuanzia pale makuta inashuka. Utengeneze mchezo mzuri ginsi gani, makuta inashuka tu, mpaka unafilisika.

Kiisha siku moja walihesabu. Watu 3,318 walikuwa wamecheza. Walionunua: 214. Wenye kopi ya bure: 3,104. Ni zaidi ya 93 kwa mia.

Lakini utamu wa habari hauko katika hesabu. Wamoja kati ya wale wenye kopi ya bure walikwenda kwenye intaneti kulalamika. Walitaka kujua kama kuna njia, ndani ya mchezo, ya kufanya utafiti ili wapate kufuli ya kuzuia wizi. Wengine waliuliza kwa uchungu kwa nini watu wanawaibia hivi, kazi yao yote inaharibika. Someni tena pole pole: mtu aliyechukua kitu bila kulipa anaomba kufuli ili watu wasichukue vitu vyake bila kulipa.

Mimi naona Game Dev Tycoon ni mahubiri bora kuliko yote katika vita hii ndefu ya kopi na kufuli. Tena naona ni mahubiri nusu. Kwa kuelewa uzuri wake na upungufu wake, lazima turudi nyuma kidogo, tuone kufuli zilizotangulia. Na kila kufuli tutaiuliza swali moja tu: inaumiza nani?

Kufuli za karatasi na plastiki

Vita hii ilianza kwa barua. Mwezi wa 2 mwaka 1976, Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliandikia wapenzi wa kompyuta wa Marekani barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wao wanatumia programu yake ya BASIC bila kuinunua. Ile ilikuwa lawama tu, haikuwa kufuli. Watu walisoma, wamoja walikasirika, kukopia kuliendelea.

Miaka ya 1980 michezo ilikuwa inauzwa kwa kasete na kwa disketi. Ukiwa na redio ya kasete mbili, umekwisha kuwa kiwanda. Watengenezaji wakaanza kuvumbua. Kule Uingereza mwaka 1985 mchezo Elite wa mashini ya ZX Spectrum ulitoka na kipande cha plastiki chenye jina Lenslok. Mchezo ulionyesha herufi mbili zilizovurugwa kwenye televizioni. Ulipaswa kuweka ile plastiki mbele ya kioo, uchungulie, usome herufi, uziandike. Televizioni yako ikiwa kubwa sana ao ndogo sana, huoni kitu. Na kopi kadhaa zilifika kwa wanunuzi na plastiki isiyokuwa ya mchezo ule! Umelipa, umefika nyumbani, na mlango wako unakukataa.

Wengine walitumia kitabu: andika neno la tatu la ukurasa fulani. Wengine walichapa namba kwa wino mweusi juu ya karatasi jekundu la giza, ili mashini ya fotokopi isione kitu; na macho ya mnunuzi nayo ilikuwa kazi kuona. Mchezo The Secret of Monkey Island wa mwaka 1990 ulikuja na magurudumu mawili ya karatasi yenye sura za maharamia wa baharini. Unazungusha mpaka sura ya kichwa na ya kidevu zilingane, kisha unaandika mwaka ambao haramia yule alinyongwa. Hii angalau ilichekesha: mchezo wa maharamia unakuuliza juu ya maharamia ili ujikinge na maharamia.

Sasa tuulize swali letu. Kitabu kikipotea, mtoto akichana gurudumu, nani anabaki inje? Ni yule aliyenunua. Mwenye kopi ya wizi hana shida, juu mvunja kufuli amekwisha kuondoa swali lenyewe. Kwa hiyo tangu zamani ile ulizaliwa ugonjwa ambao haujapona mpaka leo: kopi ya wizi ilikuwa rahisi kutumia kuliko kopi ya kununua.

Na kuna jambo lingine tusilisahau. Kufuli haikuwa kila mara juu ya wizi. Nintendo ilipopeleka mashini yake Marekani mwaka 1985, ilitia ndani kachipu kanakoangalia kama mchezo umeruhusiwa na kampuni. Kachipu kale kalizuia kopi, ndiyo, lakini kalizuia pia kampuni yoyote kutengeneza mchezo bila kukubali masharti ya Nintendo. Kampuni Atari Games ilitaka kupita pembeni. Ilikwenda kwenye ofisi ya serikali ya Marekani inayohifadhi haki za watunzi, ikasema uongo kwamba inahitaji karatasi zile kwa ajili ya kesi, ikapata siri ya kachipu. Mahakama mwaka 1992 haikupenda mchezo ule. Lakini fundisho linabaki: mwenye kushika ufunguo hashiki wezi peke yao, anashika soko lote.

Kufuli zinazosema

Kisha kulitokea aina nyingine ya kufuli, na hapa ndipo babu za Game Dev Tycoon wanapatikana. Hizi hazikufungi mlango. Zinakuacha uingie, kisha zinakufanyia kitu.

The Settlers III, wa mwaka 1998, ni mchezo wa kujenga kijiji na kutafuta chuma cha kutengeneza silaha. Ukiwa na kopi ya wizi, tanuru yako ya chuma inatoa nguruwe. Hakuna chuma, hakuna silaha. Adui anakuja, wewe uko na nguruwe. Operation Flashpoint, mchezo wa vita wa mwaka 2001, uliharibu bunduki ya mwizi pole pole mpaka hapigi kitu. Batman: Arkham Asylum wa mwaka 2009 ulizuia nguo ya mgongoni ya Batman isifunguke, hivi anaanguka badala ya kuruka kama popo. Kijana mmoja alikwenda kuomba msaada kwa kampuni yenyewe. Akajibiwa kwamba kasoro haiko ndani ya mchezo, iko ndani ya tabia yake. Mwaka 2011, Serious Sam 3 uliweka nge mkubwa asiyekufa, anakimbia nyuma yako na bunduki mikononi tangu mwanzo.

Mimi nazipenda kufuli hizi kama mtu anavyopenda mzaha mzuri. Sababu ni kwamba kila moja inasema kwa lugha ya mchezo wake. Mchezo wa chuma unakunyima chuma. Mchezo wa kuruka unakuangusha. Mwizi hasomi karatasi ya sheria. Anaonja kwa mikono yake kwamba kuna mtu upande wa pili, mtu mwenye akili, mwenye hasira kidogo na kicheko kidogo.

Lakini si zote zinastahili sifa sawa. EarthBound, uliouzwa Marekani mwaka 1995, ulikuwa mkatili. Ukiwa na kopi ya wizi unakutana na maadui wengi kuliko kawaida; ukivumilia, ukafika kwenye pigano la mwisho kabisa, mchezo unasimama ghafula, na ukiuwasha tena unakuta yote uliyohifadhi imefutwa. Hapa hakuna fundisho, ni kisasi. Na mashini ikikosea siku moja, ikimchukua mnunuzi kwa mwizi, nani atamrudishia masaa yake?

Spyro: Year of the Dragon, wa mwaka 2000, ulikuwa na hekima zaidi. Malaika mdogo Zoe, anayemsaidia mchezaji, anamwambia wazi kwamba kopi hii inaonekana imevunjwa, matatizo yanaweza kutokea. Kisha matatizo yanatokea kweli: vito na mayai yaliyokusanywa yanapotea, lugha inabadilika. Nyuma ya pazia kulikuwa na ukaguzi mwingi, mmoja unachunga mwingine, hivi mvunja kufuli anafikiri ameisha kumaliza, kumbe bado. Gavin Dodd, mmoja wa waliotengeneza ulinzi ule, alieleza baadaye kwamba hawakuwa na ndoto ya kuzuia wizi milele. Walitaka tu kupata majuma ya kwanza, wakati ambapo mchezo unauzwa zaidi. Walipata zaidi ya miezi miwili. Tushike neno hili, tutalirudia.

Na kuna kufuli inayosema bila kujieleza, ikajichoma yenyewe. Titan Quest ulitoka mwaka 2006. Kopi ya wizi ilitoka mapema, na ilikuwa inazimika kwenye ukaguzi wa ulinzi. Waliokuwa nayo hawakusema kwamba ulinzi umewashika; walisema mchezo ni mbovu, unazimika ovyo. Jina baya likaenea mbele ya mchezo wenyewe kufika sokoni. Michael Fitch, wa kampuni iliyoutoa, alieleza uchungu ule mwaka 2008. Kwa hiyo mzaha usioelezwa unamgeukia aliyeufanya.

Mkiweka Game Dev Tycoon pembeni ya hizi zote, mtaona kwa nini nasema unazipita. Hauvunji mashini yako, haukufutii kitu kwa siri, haukudanganyi kwamba ni kasoro. Unakuambia wazi: watu wanachukua bila kulipa, ndiyo maana unafilisika. Tena haukuweki mahali pa mwizi anayeadhibiwa; unakuweka mahali pa yule aliyeibiwa. Huo ndio ufundi wake. Na hauwezi kukosea mtu, juu kopi ya aliyenunua haina kitu kile kabisa. Swali letu, inaumiza nani? Mwenye kopi ya bure, peke yake. Hata wale walionunua baadaye walitaka kuonja uchungu ule, hivi Greenheart wakaiongeza ndani ya mchezo halali kama namna ngumu ya kucheza.

Kufuli bubu

Kampuni kubwa hazikufuata njia ile. Zilichagua kufuli bubu.

Mwaka 2008 Electronic Arts ilitoa Spore, mchezo uliokuwa unangojewa sana. Ndani yake mlikuwa ulinzi wa SecuROM: mnunuzi aliruhusiwa kuuweka mara tatu tu, kisha aombe ruhusa kwa simu. Kompyuta ikiharibika, umebadilisha, mara moja imekwenda. Wanunuzi walijaza malalamiko kwenye duka la Amazon, maelfu kwa maelfu, nyota moja moja. Kampuni ikapandisha mpaka mara tano. Na wizi je? Mwisho wa mwaka ule Spore ndio ulihesabiwa kuwa mchezo uliochukuliwa kwenye torenti kuliko yote, mara milioni 1.7. Kufuli ngumu, wezi wengi, wanunuzi wenye hasira. Hiyo ni biashara gani?

Mwaka 2010 Ubisoft ilikuja na lingine: Assassin's Creed II kwenye kompyuta ulitaka koneksio saa zote, hata ukicheza peke yako. Koneksio ikikatika, mchezo unasimama. Mwezi wa 3 seva zao zilishambuliwa, na waliolipa wakabaki inje. Mwaka 2013, mwezi mmoja kabla ya Game Dev Tycoon, SimCity nao ulitoka na sharti lile lile la koneksio. Seva zikajaa, watu wakakaa siku nyingi wanangoja kuingia ndani ya mji walioulipia. Kampuni ilisema mchezo umejengwa hivi, hauwezi kukaa bila seva. Mtu mmoja akauchezea, akaonyesha kwamba unaweza. Mwaka 2014 kampuni yenyewe ikaruhusu kucheza bila koneksio.

Lakini kichekesho kikubwa ni hiki. Mwaka 2008 wanunuzi wamoja wa Rainbow Six: Vegas 2 walikuwa wamefungiwa inje na ulinzi uliodai CD, wakati wao walinunua kwa intaneti, hawana CD. Ubisoft ikawapa dawa. Watu walipoifungua waliona ndani yake alama ya RELOADED, kundi la wavunja kufuli. Mwaka 2010 jambo kama lile likaonekana ndani ya Max Payne 2 uliokuwa unauzwa kwenye duka la Steam: alama ya kundi Myth. Mwenye nyumba amejifungia inje na kufuli yake mwenyewe, kisha anaazima ufunguo kwa mwizi! Kama kuna picha moja ya kueleza miaka 40 ya vita hii, ni hiyo.

Kwa haki tuseme pia upande wa pili. Tangu mwaka 2014 kuna ulinzi wa Denuvo kutoka Austria, na huu ulisumbua wavunja kufuli kweli kweli. Utafiti wa William Volckmann, uliochapwa mwaka 2024, uliona kwamba mchezo wenye Denuvo ukivunjwa katika juma la kwanza, unapoteza kwa wastani karibu 20 kwa mia ya mapato. Makuta ile si kidogo; ni mishahara ya watu. Anayesema wizi hauumizi mtu, anajidanganya. Lakini utafiti ule ule uliona kwamba kiisha majuma 12 hasara haionekani tena. Ni neno lile la Gavin Dodd: kufuli inafaa mwanzoni. Basi kwa nini mnunuzi aibebe miaka 10? Kampuni zenye akili zinaitoa kiisha miezi. Nyingine zinaiacha tu, juu haziumii zenyewe.

Wapolandi na soko lao

Twende sasa Poland, juu kule jibu lilitoka sokoni, halikutoka kwa mafundi wa kufuli. Miaka ya 1990, kiisha ukomunisti kuanguka, michezo mingi kule ilikuwa kopi za wizi zinazouzwa wazi. Mtu wa mshahara mdogo, mchezo wa kweli ni wa bei kali, tena uko kwa lugha ya Kiingereza. Marcin Iwiński na Michał Kiciński walianza kampuni CD Projekt mwaka 1994 ndani ya soko lile lile. Wangefanya nini? Kulilia polisi?

Mwaka 1999 walitoa Baldur's Gate kwa Kipoland. Walilipa waigizaji wanaojulikana waseme sauti zote. Ndani ya boksi walitia ramani, kitabu, CD ya muziki. Walifikiri kama wachuuzi: kopi ya wizi tuishinde kwa kuwa wazuri zaidi yake. Siku ya kwanza waliuzisha 18,000. Katika inchi iliyosemwa kwamba hakuna mtu anayelipa mchezo!

Walipoanza kutengeneza yao wenyewe, waliendelea na wazo lile. The Witcher 2, mwaka 2011, ulitoka kwa namna mbili: ya dukani yenye SecuROM, na ya duka lao GOG isiyokuwa na kufuli kabisa. Mnafikiri ni ipi iliyoenea kwanza kwa wezi? Ile yenye kufuli, imekwisha kuvunjwa. Kwa wavunja kufuli, kuvunja ndio heshima. Kopi isiyofungwa haina sifa. Kiisha juma moja hivi waliondoa SecuROM kwa wanunuzi wote. Na wao nao hawakuwa watakatifu: walituma barua za mawakili kwa watu wa Ujerumani waliodhaniwa wamekopia, kisha kelele zikawa nyingi, wakaacha mwanzoni mwa 2012.

Mwaka 2011 Gabe Newell, mkubwa wa Valve yenye duka la Steam, alisema wazo kama lile: wizi mara mingi si shida ya bei peke yake, ni shida ya huduma. Alitoa mfano wa Urusi, inchi ambayo wote walimwambia usiende, watakuibia tu. Ikawa mojawapo ya masoko yao makubwa ya Ulaya. Kule wezi walikuwa wanatafsiri mchezo haraka kuliko kampuni. Ulipotafsiri mapema, watu walilipa.

Nusu ambayo mahubiri yalisahau

Sasa turudi kwa Game Dev Tycoon. Nilisema ni mahubiri nusu. Nusu nyingine ni hii: ndani ya kopi ile unafilisika bila dawa. Huwezi kujua wanaokopia ni akina nani, wako wapi, kwa nini hawalipi. Hakuna Poland ndani yake. Hakuna Urusi. Wezi wako kama mvua: wanaanguka tu. Mahubiri yanasema usiibe, na yanasema kweli. Lakini hayamulizi muuzaji: wewe ulifungua duka kwa nani?

Tujiangalie sisi wenyewe, watu wa Congo. Vijana wengi wa miji yetu walijua PlayStation ndani ya vile vyumba vya kulipia dakika, na CD zilizokuwa mle, tusidanganyane, nyingi zilikuwa kopi. Wakati ule nani alikuwa na butiki ya michezo halali kwenye avenue yake? Kwa intaneti wanataka karte ya benki. Watu mingi hawana. Mchezo unaodai koneksio saa zote unafikiri courant haikatiki na megabaiti ni za bure. Kwa mtoto wa namna hiyo, kopi ya wizi haikushindana na kopi halali. Ilikuwa peke yake sokoni. Sisemi hivi ili kutakasa wizi. Nasema hivi juu mahubiri yanayomfikia mtu asiyekuwa na mlango wa kulipia yanabaki kelele.

Na kuna nusu ya tatu, kama hesabu inaruhusu. Vita ilipoendelea, kufuli ilibadilisha maana ya neno kununua. Mchezo The Crew wa Ubisoft, wa mwaka 2014, ulizimwa tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 2024. Seva zilifungwa, na waliolipa walibaki na boksi tupu, hata wale wanaotaka kuendesha gari peke yao ndani ya mchezo. Kiisha pale Ross Scott alianzisha mwendo wa Stop Killing Games, na katikati ya 2025 sahihi za watu wa Ulaya zilipita milioni moja. Kule California sheria mpya imelazimisha maduka ya intaneti kusema wazi kwamba wanakuuzia ruhusa, si kitu chenyewe. Na mwaka 2023 Video Game History Foundation ilionyesha kwamba michezo 87 kwa mia kati ya ile ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena fasi yoyote. Mingi yao, ukitaka kuiona leo, utaikuta kwa wale tuliokuwa tunaita wezi. Kufuli iliyotengenezwa ili kulinda kazi ya mtunzi, mwisho wake inaizika pamoja na mtunzi.

Kwa nini maneno haya yatuhusu? Juu sisi nasi tumeanza kuwa upande wa wanaoibiwa. Sheria yetu ya haki za watunzi iko tangu tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986, lakini ulizeni mwanamuziki yeyote nyimbo zake zinapita kwenye simu ngapi bila franga moja kumfikia. Leo vijana waliomaliza informatiki wanaandika programu, wanatengeneza michezo, masomo ya lugha, hesabu za butiki. Kesho mmoja wao ataona kazi yake ya miezi 8 inapita kutoka simu mpaka simu bure. Atakasirika, na atakuwa na haki. Na wazo lake la kwanza litakuwa kufuli.

Basi kabla hajaifunga, ajiulize mambo matatu. Moja: kufuli hii ikikosea, nani anabaki inje, mwizi ao mteja wangu? Mbili: yule anayekopia, nilimpa njia ya kulipa inayofaa mfuko wake na simu yake, ao nilimuachia njia moja tu, ile ya wizi? Tatu: siku nitakapofunga kampuni, aliyenilipa atabaki na nini mikononi?

Patrick na Daniel Klug walijibu la kwanza vizuri kuliko kampuni zenye mamilioni. Kwa hiyo mchezo wao utakumbukwa. La pili na la tatu waliyaacha. Mwenye kuyajibu yote matatu bado hatujamwona, na sioni kwa nini asitoke huku kwetu. Wenye kazi hii ya kompyuta, mnasemaje? Tuandikieni.